Kiti Kimoja cha Kwenda Barbados

Hermina Valmond alifika uwanja wa ndege saa nne asubuhi, kwa ndege ya saa tisa alasiri. Kutoka Grand Bay, kusini kabisa mwa Dominica, hadi huku Marigot ni safari ya saa mbili za milima na kona, na yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika jiko la shule ya msingi, akiwapikia watoto mia mbili kila siku ya masomo, na hakuna siku ambayo kengele ya chakula iligongwa sufuria zikiwa bado motoni. Aliamini kwamba dunia nzima ingeweza kuendeshwa hivyo kama watu wangetaka, ukiondoa lile shirika la ndege, ambalo watu wa visiwani walikuwa wameshalibatiza jina lao. Walikuwa wakiliita Labda.

"Unasafiri na nani, Ma Valmond?" dereva aliyemleta alimuuliza huku akimshushia begi.

"Na Labda."

"Basi Mungu akutangulie."

Begi lilikuwa zito. Ndani mlikuwa na vijiti vya kakao, keki za nazi, mikate mitatu ya muhogo na chupa ya mafuta ya kuchua ya majani ya bay, vyote vya Jolan, mwanawe wa pekee. Jolan alikuwa mwokaji mikate kwenye meli ya watalii. Miaka minne ilikuwa imepita bila kuonana. Meli yake ilizunguka visiwa karibu vyote isipokuwa Dominica, na likizo zake zilikuwa zikiishia Manila, kwa mke aliyemwoa huko melini na binti mdogo ambaye Hermina alimjua kwa picha za simu tu. Hermina hakulalamika. Lakini mwezi uliopita Jolan alikuwa amempigia na kumwambia kwamba Jumanne ya tarehe kumi na nne meli ingetia nanga Barbados kutwa nzima, na mkuu wake wa jikoni alikuwa amempa ruhusa ya kushuka kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana. Saa nne kamili za kukaa na mama yake. Hermina aliomba siku nne kazini, akakata tiketi ya Jumatatu ili asikimbizane na muda, akaenda kusukwa.

Kaunta ilikuwa haijafunguliwa. Alikuta mtu mmoja tu ameketi kwenye viti vya plastiki, mwanamume mrefu, mkonde, amejifunga skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto. Alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia mapajani. Hermina alisalimu, naye akajibu kwa sauti iliyokauka, karibu na mnong'ono.

"Umeumwa mafua, bwana?"

"Ningefurahi yangekuwa mafua," yule mtu alisema. Akagusa skafu. "Koo. Naenda hospitali ya Barbados kuanza kuchomwa kwa mionzi. Kesho saa nane mchana wananipangia mashine."

Jina lake lilikuwa Osric Shillingford, wa Portsmouth, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa amefika dakika chache baada ya Hermina, ila Hermina alikuwa amekwenda chooni kwanza, kwa hiyo walibishana kidogo kwa adabu nani awe wa kwanza kaunta itakapofunguliwa. Osric alikataa katakata. "Nilikuona ukishuka garini, mimi bado niko barabarani," alisema. "Mimi nilipima mipaka ya watu miaka arobaini, mama. Siwezi kuanza kuiba yadi uzeeni."

Kwa hiyo Hermina akawa wa kwanza.

Saa tisa ilifika, ndege haikufika. Msichana wa kaunta, Shernelle, alitangaza kwamba kulikuwa na ucheleweshaji mdogo wa saa mbili. Alikuwa na sauti nzuri ya kwaya, na aliomba radhi kama mtu anayemaanisha. Watu wakaguna, wakarudi vitini. Kwenye ukumbi ule mdogo walikuwa wamejaa watu karibu hamsini, na aliyesikika zaidi alikuwa Philo, mwanamke mnene mfanyabiashara wa matunda, aliyekuwa akienda Barbados kudai maembe yake yaliyozuiliwa bandarini.

"Shernelle, mwanangu," Philo aliita kutoka kitini bila kuinuka, "hiyo ndege iko wapi sasa hivi?"

"Iko Antigua, Ma Philo."

"Inafanya nini Antigua?"

"Mafundi wanaiangalia."

"Wanaiangalia! Hata mimi nikiwa huko ningeiangalia." Watu wakacheka. "Hili shirika lingekuwa mume, ningeshalifungashia virago zamani."

Saa kumi na moja ikawa saa kumi na mbili kasorobo. Hermina na Osric walikuwa wameshagawana mandazi na samaki wa chumvi, Hermina akimkatia vipande vidogo vidogo kwa sababu kumeza kulimsumbua. Alimwonyesha picha za Jolan. Osric alizitazama kwa makini, moja moja, kama ramani. Alimweleza kwamba mke wake alifariki mwaka juzi, na kwamba nafasi ya ile mashine alikuwa ameingoja tangu Februari.

Jua lilipokaribia kuzama, Shernelle alitoka nyuma ya kaunta. Hakutumia kipaza sauti. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono ameikunja tumboni.

"Ndugu abiria, safari ya leo imefutwa. Ndege haitaweza kufika kabla ya giza, na giza likiingia uwanja unafungwa. Nawaomba radhi sana."

Hakuna aliyecheka safari hii. Watu walimzingira wote kwa pamoja, kila mmoja na lake, hoteli, chakula, harusi, mizigo. Shernelle alikuwa akijibu hivyo hivyo kila mara. Ndege ya kesho asubuhi, ya saa mbili, ilikuwa imejaa watu wake. Shirika lingejaribu kuleta ndege ya ziada, hajui saa ngapi. Kwa wale waliotaka kubahatisha viti vya asubuhi, angeandika orodha kwa kufuata mpangilio wa jana, yaani wa leo, samahani, amechoka. Hermina Valmond wa kwanza. Osric Shillingford wa pili. Philo wa tatu.

"Na pa kulala?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Shirika halijanipa maelekezo ya malazi."

"Wewe mwenyewe unalala wapi?"

"Mimi nalala kwa mama yangu," Shernelle alisema, na machozi yakamlengalenga. "Na yeye atanilaumu vilevile, maana shangazi yangu yumo kwenye hiyo orodha."

Hermina hakuwa na ndugu Marigot. Kurudi Grand Bay usiku na kugeuza tena kabla ya alfajiri kulikuwa ni kujiua. Alikuwa amekwishaanza kuangalia ni benchi gani la nje lenye paa, Osric alipomgusa kiwiko.

"Mpwa wangu anakaa Wesley, hapo karibu. Ana chumba cha watoto. Mimi nitalala kwenye kochi."

"Bwana Osric, wewe ni mgonjwa, huwezi kulala kwenye kochi."

"Naumwa koo, siumwi mgongo," alisema.

Mpwa alikuja kuwachukua. Aliwapa supu ya magimbi, akamtandikia Hermina kitanda cha mtoto chenye shuka la samaki wa rangi rangi, na wote wakalala mapema, kama watu waliotoka kulima.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri walikuwa wamerudi uwanjani. Watu wa ndege ya asubuhi walianza kuingia, wakinukia sabuni, wamechana nywele, wakiwatazama watu wa jana kwa huruma yenye woga kidogo. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Ndege ilikuwa imetoka Antigua kweli, lakini ilikuwa imepelekwa kwanza Saint Kitts, hakuna aliyejua kwa nini. Hermina alikaa karibu na soketi pekee ya ukumbi, simu imechomekwa, na kila ilipotetemeka aliidaka.

Saa tano na dakika tano Jolan alipiga.

"Mama, nimeshuka. Niko nje ya geti la bandari. Uko wapi?"

"Bado niko Marigot, mwanangu."

"Bado?" Kulikuwa na upepo kwenye simu, na honi za magari. "Mama, jana si ndiyo ulikuwa usafiri?"

"Jana ndiyo nilikuwa nisafiri."

Jolan akasema, kwa ile sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, sauti ambayo bila shaka aliizoea kwa binti yake, "Haya, usijali. Ndege ni saa moja tu angani. Nipo hapa. Siendi popote. Nitakula nikisubiri."

"Usile vitu vya barabarani."

"Mama, mimi ni mpishi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Ndege ilitua saa sita kasoro dakika kumi. Watu wa ukumbini walipiga makofi, wengine kwa kejeli, wengine kwa kusahau kejeli. Abiria wa asubuhi waliitwa, wakapanga foleni. Watu wa jana walisimama pembeni wakiwahesabu, midomo ikitembea kimyakimya. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Mlango wa kuingilia ukabaki wazi, na hakuna mtu mwingine aliyetokea. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa amefika asubuhi, akachoka, akaondoka saa nne akisema atakwenda Barbados siku ndege itakapokuwa na akili.

Shernelle alitazama skrini yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kiti kimoja," alisema. "Ma Valmond."

Hermina aliinuka, akachomoa simu, akashika begi lake. Alipogeuka, Osric alikuwa amesimama mbele yake. Bahasha yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kifuani.

"Ma Valmond," alisema. Sauti yake asubuhi ile ilikuwa imezidi kufifia, ilikuwa pumzi tu yenye maneno ndani. "Mashine ni saa nane."

Kwa jinsi sauti ilivyokuwa ndogo, na injini ya ndege ikiunguruma nje, Hermina angeweza kujifanya hakusikia. Alifikiria kufanya hivyo. Alimwangalia mtu yule aliyekuwa amelala amejikunja kwenye kochi fupi ili yeye apate kitanda, na ambaye angeweza jana asubuhi kusimama wa kwanza kwenye foleni na asilaumiwe na yeyote. Aliona pia saa ya ukutani juu ya kichwa chake. Maisha yake yote Hermina alikuwa mtu wa kupisha. Aliwapisha wenzake kupanda vyeo, aliwapisha dada zake wagawane shamba la baba, aliipisha Manila likizo nne. Alijua namna ya kupisha kama alivyojua kukanda unga, mikono ingeifanya bila yeye.

"Siwezi, Osric," alisema.

"Mashine haitaningoja. Mwanao..." Hakumalizia.

"Siwezi. Nisamehe. Siwezi."

Osric aliinamisha kichwa polepole, akasogea pembeni. Alisogea vizuri, kama mtu anayempisha bibi mlangoni, na hilo ndilo lililomuumiza Hermina zaidi. Nyuma yao Philo alisonya. "Mtu mgonjwa!" alisema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Mtu mgonjwa, na jana kakulaza kwake."

"Ma Philo, ni zamu yake," Shernelle alisema.

"Najua ni zamu yake. Nimesema si zamu yake?"

Hermina alitembea hadi ndegeni akitazama lami. Hakugeuka kuangalia kioo cha ukumbi. Kiti chake kilikuwa cha mwisho, karibu na choo. Ndege ilipopaa alijaribu kusali akashindwa aanzie wapi, amwombee nani kwanza.

Walitua Barbados saa nane kasoro dakika kumi. Bado kuna muda, alijiambia. Lakini ndege kubwa kutoka Uingereza ilikuwa imetua dakika chache kabla yao, na foleni ya uhamiaji ilikuwa imejikunja mara sita, watu weupe wenye kofia za majani wakijipepea kwa pasipoti zao. Hermina alisimama. Magoti yalimuuma. Mara mbili alijaribu kumweleza ofisa aliyekuwa akipita kwamba mwanawe anaondoka na meli, na mara zote mbili ofisa alimjibu kwa upole kwamba kila mtu hapa ana anayemsubiri, mama.

Alipotokea upande wa mizigo ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Mkanda ulikuwa unazunguka mtupu. Begi lake, alilolikabidhi mlangoni mwa ndege kwa sababu lilikuwa kubwa mno kuingia nalo, halikuwepo. Ndege ilikuwa nzito, kijana mmoja wa shirika alimweleza, baadhi ya mizigo ilibidi ishushwe, itafuata. Ajaze fomu hii.

"Itafuata na nini?"

"Na ndege ijayo, mama."

Hermina alimwachia fomu yake mkononi, akatoka nje akiwa na mkoba mdogo tu wa begani.

Dereva wa teksi alikuwa mzee mfupi aitwaye Goodridge, mwenye miwani minene. Alisikiliza maelezo ya Hermina, akatazama saa ya gari, akasema, "Mama, sitakudanganya," akatia gari moto. Aliendesha vizuri. Aliingia vichochoro, akapita nyuma ya kanisa, akapita katikati ya maduka ya mbao. Lakini walipokaribia mji magari yalikuwa yamesimama, shule zimetoka, na watoto wa sare za kijani walikuwa wakivuka barabara kwa raha zao. Simu ililia.

"Mama, uko wapi sasa?"

"Niko ndani ya mji. Naona watoto wa shule."

"Watoto wa sare gani?"

"Kijani."

Jolan alimuuliza mtu aliyekuwa karibu naye. Hermina alisikia jibu: dakika ishirini, labda na zaidi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba.

"Mama, siwezi kuchelewa. Nikichelewa wananiandikia, na nikiandikwa mkataba..."

"Najua. Nenda. Nenda, mwanangu, usikimbie ukaanguka."

"Nitasimama mpaka saa tisa kasoro dakika moja."

"Nenda!"

Teksi ilifika geti la bandari saa tisa na robo. Mlinzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi ikasimama. Alimtazama Hermina tangu nywele zilizosukwa hadi miguu iliyovimba, na kabla hajasema kitu alifungua droo ya kibanda chake.

"Wewe ndiye Ma Valmond wa Dominica," alisema. "Kijana ameondoka hapa anakimbia kama mwizi. Ameniachia huu."

Ulikuwa mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na mikate midogo sita, imefungwa kwa kitambaa cha jikoni, laini bado. Hermina aliomba aingie, hata kidogo, hata asimame tu ndani ya geti. Mlinzi alisema hapana, bila kibali hapana, na akaongeza kwamba kama ingekuwa ni yeye angemwacha, lakini si yeye. Kisha alitoka kibandani, akamwinamia Goodridge dirishani na kumwelekeza jambo huku akionyesha kwa mkono upande wa kaskazini.

Walikwenda ufukweni, nje kidogo ya ukuta wa bandari. Kutoka pale meli ilionekana yote, nyeupe, ndefu kuliko Grand Bay nzima, imejaa madirisha. Hermina aliketi juu ya jiwe. Alimega mkate mmoja, akautafuna taratibu.

"Chumvi imezidi kidogo," alimwambia Goodridge, akampa mmoja. Mzee aliula wote, akasema yeye haioni hiyo chumvi.

Walikaa karibu saa mbili. Goodridge alizima mita ya teksi. Saa kumi na moja meli ilipiga honi, ikajibanduka gatini, ikaanza kugeuka, na simu ikalia.

"Mama! Nimepewa dakika tano. Niko mbele, kwenye sitaha ya wafanyakazi, chini ya bendera. Unaniona?"

Hermina alisimama. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali. Aliona bendera, na chini yake aliona vitu vyeupe vinne au vitano, vidogo kama punje za mchele.

"Nawaona watu."

"Ni mimi na wapishi wenzangu. Mimi ndiye ninayepunga kofia!"

Wote walikuwa wanapunga kofia. Wenzake walikuwa wamemsikia, na sasa kila mmoja alikuwa akipunga kwa nguvu zake zote, mmoja akirukaruka, na Hermina alisikia vicheko vyao ndani ya simu kabla upepo haujavichukua. Akacheka na yeye. Alivua kitambaa cha begani akakipunga, akawapungia wote bila kuchagua, hadi mkono ukamwishia nguvu.

"Umekonda?" alipiga kelele kwenye simu.

"Nimenenepa!"

"Sioni!"

"Mama, mwakani..." Jolan alisema, na maneno mengine yakakatika. Simu yake ilikuwa imepoteza mtandao, au ile ya melini. Hermina aliendelea kuishikilia sikioni kwa muda, kisha akaishusha.

Alilala kwa binamu yake mmoja huko Saint Michael. Hakulala, kwa kusema kweli, alijinyoosha tu. Begi halikufika jioni ile. Asubuhi binamu alimwambia apumzike, aloweke miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, ndege yake ya kurudi ni Alhamisi. Hermina alikunywa chai, akavaa viatu, akauliza hospitali iko upande gani.

Alimkuta Osric kwenye korido ya ghorofa ya chini, kwenye viti vya plastiki vya bluu, amejifunga skafu ileile, bahasha mapajani. Kulikuwa na watu wengine kama kumi na mbili wakisubiri. Hermina alisimama hatua chache kutoka kwake kwa sababu hakujua aseme nini. Osric aliinua macho, akamwona, akasogeza bahasha ili kiti cha pembeni kiwe wazi.

"Ulifika lini?" Hermina aliuliza alipokaa.

"Jana, saa moja jioni. Ile ndege ya ziada." Alilazimika kupumzika kati ya maneno. "Philo alikuwa anaimba njia nzima."

"Na mashine?"

"Mashine ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Nafasi nyingine wamenipa ya baada ya wiki tatu." Alinyoosha kidole kuelekea mlango uliofungwa mwisho wa korido. "Lakini wamesema nikikaa hapa, na mtu wa leo asipotokea, wataniingiza. Kwa hiyo nakaa."

Hermina alitazama watu waliokuwa wameketi, mmoja mmoja. Mama mwenye kilemba, kijana mwenye kipara asichostahili kwa umri wake, mzee na binti yake. Hakuweza kutamani yeyote kati yao asitokee. Wote walikuwa wametokea.

"Nisamehe," alisema.

Osric hakusema amesamehe, na wala hakusema hana cha kusamehe.

"Nilikasirika," alisema. "Mpaka usiku nilikuwa nimekasirika. Asubuhi nikaona sina nguvu ya kuibeba hiyo hasira." Alikohoa ndani ya skafu. "Ulimwona kijana?"

Hermina alifikiria zile kofia nyeupe.

"Nilimwona."

"Amekuwa mkubwa?"

"Amenenepa," Hermina alisema.

Osric alitabasamu kidogo, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Hermina alivua viatu chini ya kiti bila mtu kuona. Alikuwa na kutwa nzima, hakuwa na pa kwenda. Alichukua bahasha kutoka mapajani mwa Osric ili mikono yake ipumzike, akaiweka kwenye mapaja yake mwenyewe. Baada ya kitambo mlango wa mwisho ulifunguka, muuguzi akatoka na karatasi mkononi, na watu wote wa korido wakainua nyuso. Alisoma jina. Mama mwenye kilemba aliinuka. Wengine wakarudi kuegemea.